Bibi Mweupe Aenda Buffalo

Gloire alipiga simu kabla jua halijatoka. Séphora alijua mambo yameharibika kabla hata hajaishika, kwa kuwa habari njema huwangojea watu wamalize chai.

"Yaya, mama anakataa," mdogo wake Gloire alisema kutoka Buffalo; yaya kwao ni dada mkubwa. "Daktari anasema mguu umeoza mpaka karibu na goti. Sukari imeula, na sumu inapanda juu. Wanataka kukata leo, giza lisiingie. Mama anasema hakatwi mpaka wewe ufike uweke mukono."

"Mpe simu."

"Nimemupa. Ameirudisha. Anasema simu haina vidole."

Séphora alikuwa amesimama jikoni mwa Mzee Delbert, mjini Louisville, mwiko wa uji mkononi. Alikuwa kazini. Kazi yake ilikuwa kumtunza mzee huyo: kumwamsha, kumwogesha, kumpa dawa, kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka dirishani. Wiki ile ya sikukuu ya Shukrani, mwaka 2014, alikuwa amekubali kulala kwake mpaka Ijumaa, maana hakupatikana mtu mwingine. Mzee hakuwa na mtoto. Mke wake, Loretta, alikuwa amefariki zamani.

Kwao Séphora, huko Walungu nchini Congo, mtu hakatwi kiungo mpaka mkubwa wa nyumba aweke mkono pale na kuwaambia watu: kateni. Walihesabu kwamba kiungo kikitoka ni nusu ya maziko, na hakuna maziko yasiyo na mwenyewe. Baba yao angesema, lakini baba alibaki ardhini kule Congo, na baada ya baba ni mtoto wa kwanza. Mama Emérence alikuwa mtu wa sala, asubuhi na jioni, lakini hilo hakuliacha, wala hakuona kwamba linagombana na Mungu. Yakobo mwenyewe, alikuwa akisema, aliweka mikono juu ya wajukuu kwanza, ndipo akaikunja miguu yake kitandani.

Basi njia ya kufika Buffalo ikawa wapi? Gari la Séphora na mumewe Nshombo lilikuwa limelala uani bila gia, na Nshombo alikuwa akienda gudauni kwa lifti za watu. Mabasi yote yalikuwa yamejaa wasafiri wa sikukuu. Ndege hata hakuiuliza. Alizima jiko, akaegemea sinki, na midomo yake ikasema, "Bwana, fungua," wala hakuwa na neno la kuongeza.

"Nani amekufa?" Mzee Delbert aliuliza kutoka chumbani.

"Hajafa bado, mzee."

"Basi lete uji na uniambie."

Alimwambia yote, huku akimlisha kwa kijiko, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka mchana kutwa. Mzee alisikiliza mpaka bakuli likaisha. Kisha akasema, "Tutakwenda na Bibi."

Séphora alidhani akili imemtoka. Bibi lilikuwa gari. Alikuwa akiliona kila wiki bandani chini ya shuka, na kijana wa jirani alikuja kuliwasha na kulizungusha mtaani ili lisisahau, lakini hajapata kuliona likienda safari.

"Mzee, ofisi yangu inakataza nisikutoe hata nje ya kaunti. Nitafukuzwa."

"Mgonjwa ni mimi au ofisi? Wewe umeajiriwa kunisukuma ninakotaka kwenda. Leo nataka Buffalo. Klachi unaijua?"

Aliijua. Baba yake alikuwa dereva wa lori la Bukavu na Uvira, naye ndiye aliyemfundisha klachi kwenye tambarare ya Kamanyola, akimpiga kofi mkononi kila gia ilipolia.

Alipoivua ile shuka, alisimama. Gari lilikuwa jeupe, refu kwa mbele kama mbwa aliyenyoosha shingo, na mdomoni lilikuwa na uma wa meno matatu. Hapakuwa na kona hata moja iliyokatika ghafla; jicho lilianza kwenye taa ya mbele likateleza mpaka nyuma bila kukwama. Aliweka kiganja juu ya boneti. Bati lilikuwa baridi, jembamba, kama sufuria ya harusi.

"Taratibu," mzee alisema. "Hiyo ni alumini. Loretta hakuruhusu hata paka akae juu yake."

Séphora alikikunja kiti cha magurudumu, akakisukumiza kwenye viti vidogo vya nyuma, akafunga kisanduku cha dawa kwenye kanga, akampakia mzee, akapiga ishara ya msalaba ingawa yeye si Mkatoliki, na akawasha. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikashika.

*

Kutoka Louisville mpaka Columbus barabara ni moja, na Séphora hakuiona. Aliona tu saa, na mkia wa lori lililo mbele. Usukani ulikuwa mzito, klachi ilidai mguu mzima, na gari lilinuka petroli na ngozi ya zamani. Lakini likishika mwendo lilitulia, likawa kama mtu aliyekumbuka wimbo wake.

Mzee Delbert aliongea njia nzima. Labda aliona mikono ya Séphora ilivyoukaba usukani. Alisema wenye jina hilo, Maserati, walikuwa ndugu, wana wa dereva wa treni, na kiwanda chao walikianzia Bologna. Wote walipenda mashine isipokuwa mmoja aliyekuwa mchoraji, naye ndiye aliyewachorea ule uma. Aliuona kwenye sanamu ya chemchemi, katikati ya mji wao.

"Kila nyumba ina mmoja wa namna hiyo," Séphora alisema. "Kwetu ni Bagula. Hashiki nyundo, lakini anaongea."

"Baadaye wakauza, kiwanda kikahamia Modena. Huko walitengeneza hasa magari ya mashindano, ya kuuza kwa watu yalikuwa machache. Na mwaka 1957 wakawa mabingwa wa dunia. Mwaka huohuo mashindano ya mwisho yakawaharibikia, magari yao yakagongwa na kuungua huko Caracas, na kiwanda kilikuwa karibu kufungwa. Unajua walifanya nini?"

"Hapana, mzee."

"Wakaacha mashindano. Kitu walichokipenda kuliko vyote. Wakachukua moyo wa gari la mbio, silinda sita, kila silinda plagi mbili, wakautia kwenye gari la mtu na mke wake na sanduku lao. Gari la kutoka mji mmoja mpaka mwingine bila kuchoka. Mwili wakawapa mafundi wa Milano. Wale walijenga mifupa ya mabomba membamba, wakaivika ngozi ya alumini waliyoigonga kwa mkono. Gia wakaomba Ujerumani, breki Uingereza."

"Kama kanisa letu. Kila kiti kimetoka mahali pake."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "La kwanza kabisa walilolionyesha Geneva lilikuwa jeupe, watu wakaliita Bibi Mweupe. Hili ni mdogo wake. Nililipata kwa mjane mmoja wa Cincinnati, kuku wamelala ndani. Loretta ndiye aliyelirithisha jina." Kisha akamtazama. "Hunisikilizi."

"Nasikia, mzee. Waliacha mbio."

Simu ilitetemeka mapajani. Ilikuwa Gloire. Homa ya mama ilikuwa imepanda, na alikuwa ameanza kumsemesha baba.

*

Columbus alitaka kupita bila kusimama. Lakini mzee alihitaji choo, gari lilihitaji petroli, na mdogo wake Bagula alikuwa ameshapiga simu mara nyingi: utapita vipi mlangoni kwangu kama mgeni, na mimi nina unga wa mama? Basi akatoka barabara kuu, akashika Morse Road, akapita duka la Wasomali na duka la Waghana, akaingia kwenye uwanja wa fleti za Bagula. Akakuta watu.

Bagula alikuwa amewaita watu wa chumba cha maombi. Akina mama walikuwa wamevaa makoti makubwa juu ya vitenge, vijana walikuwa wametoka zamu ya gudauni na macho mekundu, na mbele yao alisimama mchungaji wao Ezéchias, mrefu, mpole, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi. Gari lilipoingia wote walirudi nyuma hatua moja.

"Yaya," Bagula alisema, "hii ni gari ama ni ndege?"

"Ni gari."

"Ya nani?"

"Ya huyo mzee. Msalimie."

Walimtoa mzee, wakampeleka chooni kwa heshima kama balozi, wakamrudisha na kikombe cha chai ya maziwa na andazi mkononi, naye akaketi tena ndani ya gari akila. Bagula alimvuta dada yake kando, karibu na mapipa ya takataka.

"Sikiliza. Mungu alimuumba mama na miguu mbili. Ukifika, weka mukono, omba, halafu umuachie Mungu. Usitamke ile neno. Ukisema wakate, ni wewe umekata."

"Na sumu inayopanda?"

"Bon, sawa, wewe unaamini daktari ama unaamini Mungu?"

"Bagula, usinigombanishe na Mungu asubuhi hii. Nipe unga niende."

Alimpa. Ulikuwa mfuko mkubwa wa unga wa muhogo, ule mweupe sana ambao mama aliupenda na ambao alidai haupatikani Buffalo. Lakini neno la Bagula nalo liliingia, likaketi kifuani mwa Séphora, wala hakuwa na mahali pa kulishushia. Mpaka dakika ile alidhani kazi yake ni kufika tu. Sasa aliona kwamba kufika ni mwanzo, na kwamba hajui atasema nini.

Mchungaji Ezéchias alitazama mbingu upande wa kaskazini. Zilikuwa nyeusi. "Mama Séphora, ziwa linarusha theluji tangu juzi. Na gari hii ni mzee kuliko mimi. Hatuwezi kuwaacha muende hivi. Tuiombee."

Nani angekataa? Walilizunguka gari, wakaweka mikono. Mwanzo iliwekwa polepole. Kisha mama mmoja akaanza wimbo, na sala ikapanda, na mikono ikapanda pamoja nayo. Watu hawa walivuka mito na risasi kwa sala. Hawakujua kuomba kwa vidole viwili. Waliifukuza ajali, wakaikemea barafu, na kwa kila neno walipiga viganja juu ya boneti na juu ya paa, kama mtu anavyogonga mlango wa nyumba inayoungua. Mzee Delbert, ndani, alikuwa ameshika andazi lake bila kulila. Alishusha kioo kidogo.

"Seph, wanafanya nini?"

"Wanatuombea, mzee."

"Waambie waombe taratibu."

Lakini Séphora naye alikuwa amefumba macho, viganja vyake juu ya lile bati, analia, anaomba kuliko wote. Hakusikia. Mchungaji alichukua chupa ya mafuta ya zeituni, akamimina juu ya kioo cha mbele, mahali yalipo macho ya gari, akayapaka kwa mkono mpana kutoka pembe mpaka pembe. "Uwape kuona njia," alisema. Wakasema amina.

Walipoondoa mikono, boneti ilikuwa na mabonde. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja, rangi ilikuwa nzima. Lakini pale palipokuwa laini kama shavu, sasa pamebonyea huku na huku, na paa pia. Watu waliangaliana. Mmoja wa vijana akauliza kwa Kiingereza hiyo ni chuma gani.

Séphora aliingia ndani hawezi kumtazama mzee. Mzee aliangalia boneti yake kupitia kioo. Alitazama muda mrefu.

"Endesha," alisema.

*

Baada ya Cleveland ziwa liliwafuata upande wa kushoto, na mzee hakuongea tena. Séphora alitunga maneno ya kuomba msamaha kwa Kiingereza, akayapanga, akayapangua. Je, angesema nini? Kwamba wale hawakuwa wahuni? Kwamba yeye mwenyewe alipiga, na bonde moja hapo mbele lilikuwa la kiganja chake?

Gloire alipiga. "Yaya, muko wapi? Daktari ameuliza tena. Mama ameshika ukingo wa kitanda, anasema miguu yake iliingia pamoja duniani na itatoka pamoja. Bagula amempigia. Sasa ndiyo amekuwa ngumu zaidi."

"Mwambie ninakuja."

"Yaya, midomo yake imekauka."

Walikuwa wamepita mji wa Erie theluji ilipoanza. Ilianza kama majivu, mara ikawa mvua ya barafu, nzito, ya maji. Séphora aliwasha wipa. Zikapita mara moja, na kioo chote kikageuka maziwa.

Ni yale mafuta. Kioo kikiwa kikavu hayakuonekana, lakini maji yalipokutana nayo yakawa ukungu mzito, na wipa zikausambaza kushoto na kulia. Taa za lori mbele yake zikawa mabaka mekundu, kisha zikapotea. Hakuona barabara. Hakuona mstari. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akapata upenyo mdogo wa ukubwa wa sarafu, akajivuta kwa huo upenyo mpaka bega la barabara, na lori likawapita karibu kiasi kwamba gari zima liliyumba.

Alitoka na karatasi za kupangusia. Zikararuka. Alichota theluji akasugua. Mafuta yakawa mazito zaidi. Akavua kitambaa chake cha kichwani akapangusa kwa nguvu, mafuta yakahama upande mmoja kwenda mwingine, na barafu ikaanza kuyashika. Chumvi ya barabarani ilimrukia mpaka kifuani. Vidole havikusikia tena. Giza lilikuwa likija kutoka ziwani. Alisimama kando ya gari la watu, kichwa wazi kwenye theluji, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuomba. Alisema tu kwa sauti, "Mama, nimeshindwa."

Na alipolitaja jina hilo, alimwona: mama, Bukavu, taa ya chemli imezimika, mawese yamemwagika mezani, watoto wanakimbilia maji. Na mama anawapiga mikono. Maji hapana, wapumbavu nyinyi. Leteni unga.

Alifungua mlango, akainama mpaka viti vya nyuma, akautoa ule mfuko.

"Hicho nini?" mzee aliuliza.

"Chakula cha mama."

Aliinama juu ya kioo ili mgongo wake uzuie theluji, akamwaga unga mkavu, konzi kwa konzi, akausugua kwa kiganja. Unga ulikunywa mafuta, ukawa madonge ya njano, ukaanguka. Akamwaga tena. Upepo ulichukua nusu, ukamjaza nywele na kope. Mkono uliotetemeka ulitoka dirishani ukimpa kitu: shali ya mzee, ya sufu laini, aliyofumiwa na Loretta, ambayo hakumwachia mtu kuifua ila Séphora.

"Mzee, hii hapana."

"Sugua."

Alisugua kwa shali. Akamwaga unga, akasugua, mpaka mfuko ukabaki kitako tu, na kioo kikalia kwi kwi chini ya sufu. Akawasha wipa. Zikapita, na nyuma yake ikaonekana barabara, nyeusi, yenye mistari yake miwili.

Alipoingia ndani, mweupe kichwa mpaka kiuno, mzee alimtazama akasema, "Sasa Mabibi Weupe wako wawili."

Séphora alicheka, na katikati ya kicheko akasema yale maneno, bila kuyapanga. "Mzee, nisamehe kwa boneti. Na mimi nilipiga."

"Nilikuona." Mzee aliitazama boneti. "Wale mafundi wa Milano walikuwa wanaigonga hivyohivyo, lakini juu ya gunia la mchanga. Nyinyi hamkuweka gunia." Kisha akaongeza, "Nina hasira. Usidhani sina. Lakini endesha, nitakasirika tukifika."

*

Hospitalini Gloire alikuwa akiwangojea mlangoni. Hakusalimia. Alikishika kiti cha mzee, akamwelekeza dada yake kwa kidevu. Séphora alipanda mbio, kichwa wazi, koti limetapakaa unga, na watu kwenye lifti wakajisogeza.

Mama Emérence alikuwa amekuwa mdogo. Alizama kwenye mito, uso umeng'aa kwa homa, lakini mkono mmoja bado umekaza ukingo wa kitanda kama mtu aliye juu ya lori. Chumba kilikuwa na harufu ambayo Séphora aliikumbuka kutoka kambi ya wakimbizi. Daktari, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuchoka, alisema kwa sauti ya chini kwamba wakingoja zaidi hakutakuwa na haja ya kukata. Akatoka akasimama nje ya pazia.

"Mama. Ni mimi."

"Nani?"

"Séphora. Mutoto wako wa kwanza."

Mama alifumbua jicho. "Mbona umezeeka hivi? Kichwa nyeupe."

"Ni unga, mama. Ule wa Bagula."

"Umeuleta?"

"Umeisha njiani."

"Umeukula?"

"Nimepangusia gari."

Mama alifikiri jambo hilo. "Watoto wa siku hizi," alisema. Kisha uso ukajikunja kwa maumivu, na aliporudi sauti ilikuwa nyingine. "Weka mukono, uombe, halafu uwaambie hapana. Bagula amesema vizuri. Mi nataka kwenda kwa baba yenu na miguu yangu yote. Atanicheka."

Hapo ndipo Séphora alipofika kweli. Siku nzima alikuwa amekimbilia mahali hapa, na mahali penyewe palikuwa ukuta. Ile desturi ilimpa yeye neno, si mama. Lakini ni nani anayesema kateni juu ya mama yake, huku mama anamtazama? Akikataa, atamzika. Akikubali bila yeye, atamrudisha nyumbani mtu aliyekatwa kwa nguvu, na hatasamehewa. Aliweka mkono juu ya blanketi, juu ya goti. Joto lake lilipenya mpaka kiganjani.

Hakuwa na maneno ya Biblia. Yote yalikuwa yamemkimbia. Alianza kusema lililokuwapo mdomoni.

"Mama, nimekuja na gari moja ya wazungu. Ya Italia. Wenyewe walikuwa wanatengeneza gari za mbio tu. Mbio ndiyo ilikuwa kila kitu kwao, walikuwa wa kwanza dunia nzima. Halafu nyumba yao ikaanza kufa. Wakakaa chini wakasema, tukishika mbio tunakufa sote. Wakaikata, mama. Wakaikata mbio wenyewe, kwa mkono wao, na wanaipenda."

"Na wakakufa?"

"Hapana. Wakatengeneza hii. Haishindani na mtu. Inabeba mtu na mzigo wake mpaka anakoenda. Iko hapo chini, nje. Ni ya zaidi ya miaka hamsini. Imenileta kwako."

Mama alifumba macho muda mrefu hata Séphora akainama kusikiliza pumzi.

"Mimi siko gari," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mukono wako unanuka mafuta na muhogo. Ulikuja kuombea ama kupika?"

"Yote mbili."

"Unatetemeka."

"Ninaogopa."

"Bon. Kama unaogopa na umesema, basi si kiburi." Vidole vilivyoushika ukingo wa kitanda viliachia kimoja kimoja, vikaja juu ya mkono wa binti yake, juu ya goti, vikaubana. "Ule mguu muuzike, musiutupe. Na baba yenu akicheka, nitamuambia ni wewe. Sema."

Séphora alisema. Alilisema kwa Kiswahili kwanza, mbele ya Gloire aliyekuwa amefika mlangoni, kisha kwa Kiingereza, kuelekea pazia, na daktari akaingia na watu wake.

*

Mzee Delbert alikuwa kwenye ukumbi wa kungojea, amekunja shali yenye mafuta mapajani. Séphora alimkuta akiangalia saa ya ukutani, na ndipo alipokumbuka dawa zake za jioni. Alifungua kile kisanduku, akaleta maji, akashika kikombe mdomoni mwake. Maji yakamwagika kidogo kidevuni mwa mzee, akayafuta kwa mkono wa koti, na kidevu kikabaki na unga.

Simu ya Bagula ilikuja walipokuwa wamengoja mpaka usiku umekuwa mwingi na daktari ameshapita mara moja na kusema maneno machache.

"Wamekata?"

"Wamekata. Mimi nimesema."

Kule Columbus alisikia gari zikipita Morse Road.

"Anapumua?"

"Anapumua mwenyewe. Kesho ndiyo watajua zaidi."

"Bon," Bagula alisema. Kisha akauliza, "Na yule mzee? Kuhusu kapo ya gari, ile boneti?"

Séphora alimtazama mzee. "Anasema sasa tumefika, atakasirika."

"Huyo ni Bagula," alisema Mzee Delbert, ambaye hakujua Kiswahili lakini alikuwa ameliona jina kwenye simu. "Mwambie kesho tunaliosha gari chumvi yote hii ya barabarani, kabla ya kitu kingine. Na yeye aje na mikono yake. Ya kuosha."

Séphora alimfasiria. Kisha akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mzee, akafungua kanga iliyokuwa na dawa, akajifunga kichwani.

"Seph," mzee aliuliza, "ulizima taa za gari?"

Hakukumbuka. Aliinuka, akashuka kwenda kuangalia.